Mashine ya Gemu Iliyoapiwa Talaka

Nianze na ombi: acheni kupuliza. Najua kaseti za kupuliza hamnazo tena, lakini nawaona. Simu ikikataa kuchaji, mtu huitia mdomo tunduni akaipuliza kama anayepoza uji, na isipopona ndipo huniletea mimi, mstaafu ambaye siku hizi hata uzi siwezi kuutia kwenye sindano. Pumzi ya mwanadamu ina maji, wanangu. Pumzi ya baadhi yenu ina maji na mahamri.

Hilo nililijua miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipokuwa fundi pale Ukunda. Tulitengeneza redio, televisheni, pasi, na mashine za gemu. Leo nataka kuwasimulia za gemu, kwa sababu ndizo zilizonichekesha zaidi, na moja yao ilinitia hofu ambayo sijaisahau. Mashine hizo zilikuwa masanduku ya plastiki ya kuunganishwa na televisheni. Ndani ya sanduku hamkuwa na gemu lolote. Gemu lilikuwa katika kaseti, kitu kinene cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ulikichomeka juu ya mashine, ukawasha, ukacheza. Ukilichoka, ulizima, ukachomoa, ukachomeka jingine. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza, "Bibi, na kama hiyo kaseti huna, ulikuwa unapakua wapi?" Nikamwambia tulikuwa tukipakua kwa jirani, na ukifika kwa jirani ulianza kwa shikamoo.

Kaseti ilikuwa na meno ya shaba, na shaba na hewa ya pwani hazikai nyumba moja kwa amani. Miezi michache tu, meno yanaota kutu ya kijani, gemu halitokei. Mwenyewe huichomoa kaseti, akaipuliza, akairudisha, na mara likatokea. Hapo huamini pumzi yake ina baraka. Kumbe lililosaidia ni ule msuguano wa kuchomoa na kuchomeka. Pumzi ilikuwa inalea kutu ya kesho. Mwabungo kwetu palikuwa na bibi mmoja aliyesifika kwa kupuliza. Watu walimpelekea kaseti kama wapelekavyo mtoto anayelia ovyo, naye alikuwa akisoma dua kwanza, kisha anapuliza. Dua sina neno nayo. Tatizo lake alikuwa mtafunaji wa tambuu. Nilipoifungua kaseti moja iliyopitia kwake nilikuta imejaa popoo, nyekundu mpaka ndani, nikadhani nimefungua kinywa cha mtu.

Dawa ya kutu ilikuwa raba ya shule. Unasugua meno taratibu, unafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, basi. Raba hiyo hiyo mliyokuwa mkiitafuna darasani.

Mimi naitwa Saumu. Ufundi sikuuingia kwa mlango wa shule. Nilikuwa nauza viazi vya karai nje ya duka la Mzee Kioko, Mkamba aliyeteremka kutoka bara na bisibisi zake, akaoa kazi yake na kuishi nayo. Alikuwa fundi hodari, ila alikuwa na shida moja kubwa: alikuwa mwanamume. Televisheni nyingi za huku zilikuwa majumbani kwa kina mama, na waume zao walitoka alfajiri kwenda mahotelini Diani. Mwanamume wa kigeni hawezi kuingia ndani mwenye nyumba hayupo. Basi Mzee Kioko alikuwa akisimama dirishani, anatengeneza kwa mdomo.

"Mama, geuza hiyo kitu nyuma!"

"Kitu gani, baba?"

"Hiyo kitu iko kwa nyuma ya hiyo ingine!"

Siku moja mama wa watu aligeuza, akageuza, mpaka televisheni ikashuka mezani na kumaliza ubishi. Mzee Kioko alirudi dukani amenyong'onyea, akanunua viazi vyangu, akala. Kisha akaniambia, "Saumu, wewe unaruhusiwa kuingia. Wacha nikufunze mambo ya kufanya ukishaingia." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nyinyi mnaandika barua za maombi na kuambatisha picha; mimi niliajiriwa kwa sababu ya mlango.

Somo lake la kwanza lilikuwa mkono mmoja. Ukifungua televisheni, hata iliyozimwa, mkono mmoja unafanya kazi na mwingine unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Nikamwambia leso zangu hazina mifuko. Akafikiri, akasema, "Basi funga huo mkono kwa leso." Nikawa nauchomeka mkono wa kushoto kwenye fundo la leso kiunoni, na wateja walidhani ni tumbo linaniuma. Walinikaribisha na chai ya tangawizi kwa huruma. Siku moja Mzee Kioko mwenyewe akasahau, akatia mikono yote miwili, na televisheni ikamtupa mpaka kwenye gunia la makaa. Alipoinuka alijipangusa, akaniambia, "Umeona? Hiyo ndiyo usifanye." Nilimwambia nimeona vizuri sana.

Mashine za gemu zilitufikia kwa njia mbili. Zile mpya za bei nafuu zilitoka madukani Mombasa. Zile za zamani zilitoka kwenye majumba ya Diani, Wazungu walipohama wakawaachia wapishi na walinzi vitu wasivyotaka kuvipandisha ndege. Za Wajerumani zilifanya kazi kwenye televisheni zetu bila wasiwasi. Za Waingereza zilileta picha safi lakini zilikuwa bubu, sauti yake mvumo mtupu, kwa sababu kwao sauti hurushwa mahali pengine kidogo na televisheni zetu haziitafuti huko. Kuna koili ndogo ndani yake, waya mwembamba uliozungushwa, na ndani ya koili kuna kijiwe cheusi. Ukikizungusha kidogo sauti inarudi. Lakini ukikizungusha kwa bisibisi ya chuma kinapasuka, na kwaheri. Mzee Kioko alichonga bisibisi kutoka kwenye mpini wa mswaki, na hiyo ndiyo zana niliyoipenda kuliko zote. Mtu akituuliza tumetumia nini, tulimwambia mswaki, naye alicheka akadhani tunamficha siri.

Na msisahau mijusi. Mashine ikiwaka hupata joto, na mjusi ni mpenda joto. Nimetoa mayai ya mjusi ndani ya mashine mara nyingi kuliko nilivyotoa mayai ya kuku kiotani.

Sasa niingie kwenye ile iliyonitia hofu. Bwana Athumani alikuwa jirani yetu Mwabungo, mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja mzee kule Diani. Mzee huyo alipokwenda zake kwao moja kwa moja, alimwachia Athumani mashine ya gemu, ya zamani kuliko zote nilizopata kushika, nzito, nyeusi, usoni imepambwa kwa plastiki iliyopakwa rangi ionekane ubao. Iliandamana na vishikio viwili vya kuendeshea na kikapu cha kaseti. Bwana Athumani aliipeleka nyumbani kwa mkewe, Bi Mwanatumu.

Hao wawili hawakujaaliwa mtoto. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara, ina stima, imefagiliwa, na kimya. Mashine ilipoingia, kimya kikatoka. Watoto wa jirani walijaa sebuleni kila jioni, na Bi Mwanatumu alikuwa katikati yao, leso imefungwa kifuani, anacheza gemu la kulipua vijiwe vya angani kwa kijimeli chake, akiviangusha kuliko mtoto yeyote. Athumani naye hakuwa nyuma. Nilipokwenda kuwasafishia kaseti niliwakuta wamekaa mkekani wanashindana, mtu na mkewe, wanazozana kama ndugu. Nilifurahi kuwaona, na nilimwambia Mwanatumu hivyo hivyo.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani. Fikirieni hali ya mpishi aliyefunga. Amepata kazi hotelini baada ya yule Mzungu wake kuondoka, anashinda siku nzima juu ya moto anapika nyama ya watu wengine asiweze hata kuonja chumvi. Siku hiyo akapanda baiskeli mpaka nyumbani, adhana ya magharibi ikamkuta mlangoni. Akaingia akitazamia tende, uji na kikombe cha maji. Akakuta watoto wamesimama juu ya viti wanashangilia, na mkewe ameshika kishikio kwa mikono miwili, macho kwenye kioo. Adhana hakuisikia. Muhogo ulikuwa jikoni, haujaepuliwa.

Bwana Athumani alikuwa mtu mzuri mwenye ulimi mbaya. Akasema mbele ya wote: "Wallahi, mashine hii ikiwaka tena ndani ya nyumba yangu, Mwanatumu, umeachika!"

Labda wengine wenu mtasema, si maneno ya hasira tu? Huku kwetu hayo si maneno tu. Mume akiiwekea talaka sharti, sharti likitimia talaka nayo imepita, awe amejuta au hakujuta. Na Athumani alikuwa ameshatoa talaka mbili ujanani, ya kwanza kwa sababu ya maneno ya mawifi, ya pili kwa sababu ya mbuzi, na zote mbili alijuta jua halijatua akamrejea mkewe. Hii ingekuwa ya tatu. Ya tatu haina kurejeana. Mke huenda zake, na hata wakilia vipi, hawezi kurudi mpaka aolewe na mume mwingine na ndoa hiyo nayo ivunjike.

Asubuhi yake, kabla sijafungua madirisha ya duka, Bi Mwanatumu alikuwa mlangoni, mashine ameifunga ndani ya leso kama maiti ya kitoto.

"Niulie," akaniambia.

"Nikuulie nini, dada?"

"Hii. Iue isiwake tena maisha. Watoto wataiwasha siku nimekwenda kisimani, nami nirudi nikute nimeshakuwa mtalaka."

"Si uigawe?"

"Nigawe zawadi ya mume wangu? Ataona nimemsusia. Tena usimwambie kama nimekuja."

Nikamwambia aniachie. Jua lilipopanda kidogo, Bwana Athumani akaegesha baiskeli. Hakuingia. Alisimama dirishani, kama Mzee Kioko alivyokuwa akisimama kwenye madirisha ya watu zamani, akajikohoza.

"Fundi Saumu, ile mashine, siku mke wangu akikuletea kuitengeneza, usiitengeneze. Mwambie imekufa."

"Kwani inaumwa?"

"Haiumwi. Mimi ndiye niliyeumwa na ulimi." Akatazama chini. "Tena usimwambie kama nimekuja."

Mzee Kioko alikuwa nyuma yangu ameibana midomo. Athumani alipoondoka aliangua kicheko hadi akakaa chini. "Hawa watu wanapendana vibaya," alisema.

Mimi kuua mashine nzima sikuweza. Nitengenezeje vibovu maisha yangu yote kisha nivunje kizima? Nikakumbuka kwamba mashine hula kama mtu, ila ukiinyima chakula haigombani nawe, inakaa kimya tu. Chakula chake ni adapta, kile kidude cha ukutani kinachoushusha umeme wa stima uwe mdogo. Nikaibakisha adapta dukani ndani ya kopo, nikamrudishia Mwanatumu mashine yake. Akaiweka kabatini, akaifunika kitambaa cha kufuma. Watoto waliambiwa imekufa, nao wakarudi makwao mmoja mmoja. Kila mmoja wa wale wawili akaniona mimi mtu wa siri. Nyumba ikanyamaza tena.

Aibu ya nyumba hufichwa, na hapo ndipo ajali ilipopata nafasi. Sikukuu ya Idd, dada yake Athumani, Zuhura, alikuja kutoka Kisauni kuwatembelea. Kiapo hakukijua, nani angemwambia? Athumani alikwenda msikitini kuswali laasiri, Mwanatumu akatoka kupeleka sahani za pilau kwa majirani. Zuhura akabaki peke yake na kabati. Akafunua kitambaa, akaona mashine, akakumbuka anayo adapta ya redio yake mkobani, ile ya kubadilishabadilisha yenye vichwa vingi. Kichwa kimoja kikaingia barabara. Akaunganisha televisheni. Akawasha.

Mwanatumu aliingia akiwa na sahani tupu mkononi, akamkuta wifi yake amesimama mbele ya televisheni yenye chenga, chumba kinanuka moshi.

"Wifi, hii mbona imeniwakia kidogo ikazima?" akauliza Zuhura. "Nimeona kitu kimepita kwenye kioo, paa!"

Sahani ilivunjika hapo.

Athumani aliporudi alimkuta mkewe amejifunga buibui, amekaa kizingitini nje, hataki kuingia ndani. Walikwenda kwa Maalim, imamu wetu, kila mmoja ukingo wake wa njia. Zuhura aliwafuata nyuma analia, "Wallahi sikujua, mimi sikujua!" Maalim akawasikiliza. Akamuuliza Athumani, "Ulipoapa ulikuwa na akili zako?"

"Nilikuwa na njaa, Maalim. Lakini akili nilikuwa nazo."

"Basi swali ni moja. Iliwaka au haikuwaka? Mimi silijui hilo. Mpaka lijulikane, msikae pamoja." Usiku huo Mwanatumu akalala kwa mama yake Msambweni.

Kesho yake wakaja dukani wanaume wawili: Bwana Athumani na mashine kaifunga kwenye baiskeli kwa mpira, na Maalim nyuma yake kwa miguu. Tukasalimiana kirefu kama ilivyo ada. Maalim akaketi kwenye benchi la wateja, akanieleza swali.

Mzee Kioko aliingilia kati. Alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na sheria za ndoa za sisi Waislamu hakuzijua vizuri, lakini moyo wake ulikuwa safi. "Maalim, kwani tukisema tu haikuwaka, nani atajua? Hawa watu wako sawa. Wacha warudi nyumbani."

Maalim alitabasamu. "Mzee Kioko, mke si redio, useme imepona nayo ikubali." Kisha akanigeukia, na tabasamu halikuwepo. "Saumu, mwanangu. Ukisema haikuwaka nayo iliwaka, utakuwa umewaweka watu wawili haramuni maisha yao yote. Ukisema iliwaka nayo haikuwaka, utakuwa umewatenganisha bure. Sema unachokiona."

Wanangu, nimefungua vitu vingi. Sijapata kuogopa skrubu kama siku ile. Nilimpenda Mwanatumu, nilimhurumia yule mwanamume aliyesimama anauminya mpini wa baiskeli, na nilijua kwamba kama mashine iliwaka nitasema iliwaka. Mkono wangu wa kushoto niliuchomeka kwenye fundo la leso bila haja yoyote, mashine haina umeme, kwa mazoea tu.

Nilianza na ile adapta ya Zuhura, maana Athumani alikuwa ameibeba pia. Nikaichomeka ukutani, nikashika waya za mita yangu, nyekundu kwenye ncha ya kichwa, nyeusi kwenye shina lake. Mita zile zilikuwa za mshale. Umeme ukija sawasawa, mshale huenda kulia. Mshale wangu ulikimbilia kushoto, ukagonga ukuta.

Nikashusha pumzi. Nikamwita Maalim aje aone. "Ukipima hivi, mshale ukienda kulia, chanya iko nchani. Hii mashine hutaka chanya nchani. Hii adapta imegeuzwa. Kuna swichi ndogo hapa ubavuni, wenye redio huigeuza ifae redio zao. Zuhura ameilisha mashine kinyume."

"Na ikilishwa kinyume?"

"Haiwezi kuwaka, Maalim. Hata kufumba na kufumbua. Inaungua tu."

"Kile kilichopita kwenye kioo?"

"Hicho sijui bado."

Maalim hakuridhika kwa mita yangu peke yake, na alifanya vizuri. Akavua saa yake, akazishika zile waya mwenyewe, akapima. Kushoto. Akaniomba nichukue adapta halisi ya mashine kutoka koponi, akapima nayo. Kulia. Akarudia ya Zuhura. Kushoto tena. Mzee Kioko alikuwa anatikisa kichwa kwa kila kipimo kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Ndipo nikafungua. Ndani kuna kipande chenye miguu mitatu, kazi yake kuupunguza umeme uliotoka kwenye adapta kabla haujafika kwenye akili ya mashine. Kilikuwa kimepasuka. Kando yake palikuwa na kopo dogo la kuhifadhi umeme, na hilo lilikuwa limelipuka, utumbo wake wa karatasi umetoka nje. Katika maisha yangu ya ufundi hiyo ndiyo mara pekee niliyofurahi kukuta kitu kimeungua. Nikamwonesha Maalim. Nikamwambia cheche ya kopo hilo likilipuka karibu na waya wa antena hupita kwenye kioo cha televisheni, vile vile pikipiki mbovu ikipita barabarani huchora mistari kwenye picha yako. Hicho ndicho alichokiona Zuhura. Mashine yenyewe haikufumbua jicho.

"Unaapa?" akauliza Maalim.

"Naapa. Wallahi haikuwaka."

Maalim akainua mikono akasema alhamdulillahi. Bwana Athumani alikuwa ameshakaa sakafuni kati ya masanduku ya televisheni, uso kwenye viganja, analia kwa sauti bila kujali nani anamsikia. Mzee Kioko akampiga piga begani. "Sasa ondoka, mzee. Yuko Msambweni. Hii mashine haitakimbia." Aliondoka kweli, na baiskeli aliiendesha kwa haraka mpaka kwenye mnazi wa kona ya soko akakaribia kumgonga muuza ndizi. Kofia yake aliisahau juu ya benchi letu.

Tuliifufua mashine kwa kipande chenye miguu mitatu tulichokitoa kwenye redio iliyokufa, na kopo jipya. Nilidhani hawataitaka tena kuiona. Kumbe Athumani alikuja wiki hiyo hiyo kunichukua nikamvutie waya. Alikuwa amejenga banda uani, hatua nzuri kutoka kwenye nyumba, lina paa lake na nguzo zake, makuti mapya. Alikuwa amemuuliza Maalim, na Maalim amekwenda kulitazama, akalizunguka, akasema hili si nyumba. Ndani aliweka meza, televisheni na mikeka. "Ndani ya nyumba haiingii hata kulala," aliniambia. "Hapa iwake mpaka ichoke." Watoto walirudi siku hiyo hiyo. Bi Mwanatumu aliingia na kishikio chake, na Athumani akaingia na sinia la futari ingawa Ramadhani ilikuwa imekwisha, maana kuanzia siku zile muhogo wa jioni aliupika yeye, na alimwambia kila aliyetaka kumcheka kwamba mpishi ndani ya nyumba ni yeye.

Niliwaona hivyo miaka mingi. Mzee Kioko alirudi kwao Ukambani akaniachia duka na mswaki. Gemu mpya zilikuja, kaseti zikapotea, watoto wa banda lile wakaoa na kuolewa. Mashine iliharibika mara kadhaa nami nikaitibu, mpaka macho yangu yalipoanza kunikataa nikafunga duka.

Mwaka juzi Bi Mwanatumu alitutoka. Tulimzika Mwabungo. Arobaini ilipopita, Bwana Athumani akaja kwangu kwa miguu, amezeeka, anatembelea mkongojo, na mashine kaifunga ndani ya leso ya mkewe. Akaniomba niitazame. Alitaka kulisikia tena lile gemu la mkewe la vijiwe, hata mara moja. Nilimwambia macho sina, lakini mikono ingalipo, nikakaa nayo siku kadhaa, nikayasugua meno ya kaseti kwa raba, mjukuu wangu akinisomea namba za vipande. Ikakubali.

Nilimrudishia mwenyewe nyumbani kwake. Banda la uani lilikuwa limeelemea upande mmoja, makuti yametoboka, na mvua ilikuwa imenyesha. Kwa hiyo niliingia sebuleni, nikaweka mashine juu ya meza, nikamwambia kwa wema, kwa sababu nilimwonea huruma, "Bwana Athumani, tuiwashe hapa hapa. Kule patakulowesha. Na siku hizi hakuna neno, hayupo wa kuachika."

Alinitazama kama mtu niliyemtukana.

"Saumu," akasema, "kwa mashine hii sikumwacha akiwa hai. Nimwache leo?"

Akainyanyua mashine, mimi nikanyanyua adapta na televisheni ndogo, tukatoka nje kuutafuta upande wa banda usiovuja.